Taimu ya Kwenda Tura

Jumatatu, 31 Julai 1950

Nimepiga kengele, treni ya pwani imeondoka. Inapita Tura. Mimi nimebaki Tabora na kamba ya kengele mkononi.

Tura yuko Marcelina. Nimepata kumwona vizuri mara moja tu, mwezi wa tano, nilipopelekwa huko na gari la mizigo kubadilisha taa ya stesheni yao. Alinipa maji ya kunywa kwenye kibuyu. Nilivyokuwa nakunywa alinitazama, maji yakanipalia. Nikakohoa mpaka machozi. Wala hakunicheka! Akasema nikipata wakati nipite nyumbani kwao.

Nikipata wakati! Tangu siku hiyo sili nikashiba. Wakati gani? Wa mavuno? Wa likizo? Au wakati ule mkubwa, wa kuoana? Msichana kama yule hatupi neno kama hilo ovyo. Nimemwuliza Dada Flavia, ambaye nakaa kwake hapa Chemchem. Anasema maana yake ni kwamba nikipata wakati nipite nyumbani kwao. Dada Flavia hana elimu.

Habari mbaya. Mzee Raymundi, baba yake Marcelina, ametangaza kuwa atasikiliza washenga mpaka sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe 15 Agosti. Baada ya hapo anaingia porini kwenye mizinga yake ya nyuki, na kabla hajaingia anataka ajue binti yake anakwenda wapi.

Habari mbaya zaidi. Ambrosi naye anamtaka. Ambrosi dresa, mfunga vidonda wa hospitali, yule wa Kitete. Ana saa ya mkononi. Ana baiskeli. Tena ana meno mazuri, lazima niseme kweli katika shajara yangu mwenyewe.

Jumatano, 2 Agosti

Shule ya jioni. Mwalimu Hilari anatufundisha Kiingereza katika chumba cha parokia. Ambrosi hukaa mbele kabisa, mkono wenye saa juu ya dawati, ili hata mtu asiyetaka aione.

Neno la leo: taimu. Mwalimu kasema neno hili Mzungu hutembea nalo kutwa. Ni wakati. Ni saa. Ni mara. Ni nafasi. Hata kwenye hesabu limo, katika kuzidisha. Nimeshangaa! Watu wenye meli na ndege, kumbe neno moja linawafanyia kazi zote kama sufuria ya kapera: humo ugali, humo mboga, humo chai.

Hapo hapo nikapata wazo. Marcelina alisema wakati. Wakati kwa Mzungu ni taimu. Nikizikusanya taimu zote, nikazijua moja moja, nitaijua na ile aliyoisema yeye. Tena Bwana Mkubwa wa stesheni akinisikia ninavyozitumia atanitoa kwenye kengele anitie ukarani. Mzee gani wa Tura atamnyima karani binti yake?

Ambrosi aliniuliza mbele ya darasa kama kengele yangu nayo inajifunza Kiingereza. Darasa likacheka. Hata Mwalimu Hilari alitabasamu, nilimwona. Nimeliweka moyoni.

Ijumaa, 4 Agosti

Siku ya kuwinda. Mavuno makubwa!

Asubuhi Bwana Mkubwa alichungulia dirishani akapiga kelele: taimu! Maana yake nipige kengele. Nilikuwa nawaza habari za Tura, nikachelewa. Akatoka nje kuniambia kwamba amekwisha niita taimu tatu. Maana yake mara. Nilimshukuru. Alinitazama sana.

Mchana wafungwa walikuwa wanafyeka nyasi kando ya reli. Nikamwamkia askari wao, shikamoo, marahaba, tukazungumza. Akaniambia yule mrefu anafanya taimu kwa ajili ya ng'ombe wa watu. Kifungo! Nani angedhani? Jioni nikasimama kusikiliza bendi ikifanya mazoezi. Mkubwa wa bendi alimfokea mpiga ngoma kuwa amepoteza taimu. Nikainama kutazama chini ya benchi, kabla sijatambua kuwa ni mapigo.

Ambrosi ana saa moja ya mkononi. Mimi nina taimu chungu nzima.

Treni ya kutoka pwani iliingia. Hiyo imetoka kupita Tura. Abiria waliposhuka nilikwenda kupapasa dirisha moja la daraja la tatu. Vumbi tupu. Nikafikiri, vumbi la Tura hili, huenda amelikanyaga yeye. Sikunawa mpaka Dada Flavia aliponifukuza kwenye chakula.

Jumatatu, 7 Agosti

Sasa mshenga. Mtu hajiposei mwenyewe. Wazazi wetu Mungu amewachukua. Wa kwenda ni Mjomba Yoramu, naye yuko Tanga kwenye mkonge, hatarudi kabla ya mvua.

Dada Flavia anasema tumwombe Mzee Anselm, katekista wa mtaa wetu. Thubutu! Namheshimu sana Mzee Anselm, lakini haraka haijui. Akifika kwa watu atauliza hali ya wazima, hali ya wagonjwa, hali ya mtama. Akimaliza hapo anaingia habari za marehemu baba yake, aliyebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, na hakuna kambi anayoiruka. Msafara ule kabla haujafika Ugogo, Ambrosi atakuwa na mtoto wa pili. Nimemwambia Dada wazi: huyo mzee hana taimu.

Mimi nimempata wangu. Lukumani! Tunafanya kazi pamoja, yeye ndiye anayegeuza njia za reli. Kesho anapelekwa Tura kikazi siku mbili. Mwepesi wa miguu, mwepesi wa mdomo. Na utamu wenyewe uko hapa: Lukumani ni Mzaramo. Mzaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakikatiza nchi yao na mizigo kichwani. Mtani haambiwi toka. Anaingia bila hodi, anakula bila kukaribishwa, anakuvua kofia anaivaa yeye. Akikutukana mbele ya mkweo, huna la kufanya ila kumtukana zaidi. Milango yote ya Tura iko wazi kwake! Mzee Anselm atakuwa bado anatafuta fimbo yake, mwenzake keshafika na keshajibiwa.

Dada Flavia alishika kichwa kwa mikono miwili. Akaniuliza ni wapi nilipata kuona mtani anapeleka posa. Nikamjibu kwamba ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiria. Kufikiria ni kazi. Lukumani mwenyewe aliniuliza kama nina homa. Kisha akaniuliza tena. Nilimweleza yote, pamoja na habari za vumbi. Akasema basi, atakwenda. Akaondoka na kofia yangu.

Ijumaa, 11 Agosti

Lukumani amerudi. Ana majivu masikioni.

Anasimulia hivi. Alifika kwa Mzee Raymundi watu wote wakiwa uani. Akavua kofia (yangu), akapiga goti, akasema ametumwa na Dionis, mpiga kengele wa Tabora, kuja kumposa Marcelina. Mzee Raymundi akaangua kicheko, ugoro wote ukamwagika. Bibi mmoja akachota majivu jikoni akammwagia. Lukumani akasema jamani, leo hana utani, ni kweli tupu. Wakazidi. Akaapa kwa jina la mama yake mzazi. Mtu mmoja akalala chini, akaomba maji. Akaona atumie silaha ya mwisho: akawaambia kijana hali, halali, anapapasa vumbi la behewa kwa sababu limetoka Tura.

Nilimwambia hilo kwa siri!

Hapo, anasema, hata majirani waliitwa waje wasikie. Wakamletea mchi wa kutwangia uliovikwa kanga, wakamwambia bibi arusi ndiye huyu, mchukue kabla hajabadili nia. Kisha wakamchinjia kuku. Anasema alikuwa kuku mnono sana. Sikumwuliza habari za kuku.

Jibu la Mzee Raymundi: posa amekubali, ila mahari anataka kengele ya stesheni ya Tabora.

Nikauliza Marcelina alikuwa anafanya nini. Lukumani akaacha kucheka. Anasema alicheka na wenzake, tena kwa sauti, halafu akaingia jikoni. Alipokwenda kumuaga alimkuta amekaa peke yake, macho mekundu. Alisema ni moshi. Lukumani anasema moto ulikuwa umezimika.

Jiko lao litakuwa bovu. Nikishamwoa nitamjengea lenye dirisha.

Muhimu ni hili: posa imekubaliwa! Nimeambiwa hivyo kwa maneno ya baba mtu!

Jumamosi, 12 Agosti

Nimeipima kengele kwa shubiri. Si kubwa sana. Imeshikwa na skrubu tu.

Mchana, stesheni ilipopoa, nilipanda juu ya pipa na spana. Nilikuwa na hoja yangu tayari: hapa tutatundika kipande cha reli, kinalia vizuri tu, na Serikali haitapungukiwa kitu. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili ikawa ngumu. Nilipoipiga, kengele ikalia stesheni nzima. Abiria wakabeba mizigo. Mama mmoja alikimbilia behewa la ng'ombe na kuku wake wote. Bwana Mkubwa akatoka na leso ya chakula shingoni, akaniuliza nafanya nini. Nikasema nasafisha. Akasema vizuri sana, basi nisafishe kengele, na taa zote, na herufi zote za jina la stesheni. Tabora ina herufi chache, namshukuru Mungu.

Dada Flavia alipopata habari hakucheka. Alinikalisha chini kama mtoto. Akasema mtani akisema neno anajibiwa kwa utani, na kengele ile maana yake nyumba nzima haikunisadiki hata chembe. Akasema mjomba wake Ambrosi alikwenda Tura Alhamisi na jembe jipya la posa, akakaa mkekani kutwa nzima, akazungumza mambo ya mtama. Akasema tuondoke kesho na Mzee Anselm, nifike mwenyewe, nionekane, kwani yule binti alinialika kwa mdomo wake.

Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Siandiki zaidi ya hapo. Namtaka Marcelina kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote, na kila nikinyoosha mkono ni kama nausukuma mbali zaidi.

Lakini kesho haiwezekani. Kesho nina marudio ya somo na Mwalimu Hilari. Bado maana chache sijazishika.

Jumanne, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Kanisa limejaa mpaka nje. Watu wametoka Tura kwa treni ya jana. Na yeye yumo!

Amevaa kitambaa cha buluu kichwani. Alikaa na shangazi yake upande wa wanawake. Misa nzima sikusikia kitu. Watu waliposimama nilipiga magoti, walipopiga magoti nilisimama. Mara moja aligeuka akatazama upande wangu. Sijui alinitazama mimi au nguzo. Nilikuwa karibu sana na nguzo.

Nilitaka nimfuate nje nimwamkie shangazi yake, niseme jina langu, basi. Lakini Ambrosi alikuwa amesimama mlangoni na baiskeli, anawaonyesha wazee saa yake. Nikapita dirisha la sakristia.

Jumatano, 16 Agosti

Naandika haraka kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Treni ya pwani ilikuwa tayari. Mimi niko kwenye kengele. Nikasikia naitwa kaka Dionis. Ni yeye, dirisha la daraja la tatu, shangazi yake amesinzia nyuma yake. Nikaenda. Sijui nilikwendaje.

Hakuzunguka. Aliniuliza kama kweli nilimtuma yule mtani, au nilitaka kumfanya kichekesho mbele ya baba yake. Akasema nyumbani wanalitaja mpaka leo na kila wakilitaja yeye hutoka nje. Akasema mjomba wa Ambrosi bado hajapewa jibu, ni leo jioni baba atakapolitoa. Kama jambo langu ni la kweli, nimwambie sasa hivi, naye akifika nyumbani atamwambia baba angoje. Ataona haya, lakini atasema. Hataki maneno mengi. Kweli au utani. Neno moja tu.

Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha. Vidole vyake vilikuwa hivi, karibu na vyangu.

Nami nilikuwa na jibu! Nilikuwa nimelitayarisha wiki mbili! Sikutaka kulitoa ovyo ovyo kama mtu asiyesoma. Nikamwambia asubiri, nianze mwanzo. Nikamkumbusha kwamba alisema nikipata wakati nipite nyumbani. Akaitika, akasema ndiyo, na alinisubiri. Nikamwambia sikukaa bure, nimeutafuta huo wakati, na nimeona kwamba kwa Kiingereza uko wa namna nyingi sana. Nikaanza. Kuna saa. Kuna mara. Kuna kuzidisha. Akaniangalia mdomoni, anasikiliza kweli, maskini. Kuna kifungo. Hapo akaniuliza, kwa hofu, kama nimewahi kufungwa. Nikamwambia hapana, hapana, asiwe na haraka, mapigo ya ngoma yanakuja.

Akasema, kaka Dionis, nakuomba.

Bwana Mkubwa akapiga kelele dirishani: taimu!

Mungu wangu, ilikuja kama nimeiagiza! Nikamwambia Marcelina, umesikia? Hiyo ndiyo ile ya kengele! Nikakimbia kuipiga ili aone mfano kwa macho yake. Nimeipiga vizuri leo kuliko siku zote. Skrubu ile moja haijarudi mahali pake, kwa hiyo imelia na mwangwi.

Nilipogeuka mabehewa yalikuwa yanatembea. Nikakimbia nayo. Alisema kitu, injini ikapiga filimbi, sikusikia. Nilikimbia mpaka jukwaa lilipoisha. Nilikuwa bado na maana mbili mkononi, na moja ndiyo hasa niliyomkusudia.

Ee Marcelina. Marcelina. Naandika jina lako hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Sasa hivi umekwisha fika. Sasa hivi uko uani, baba yako anakuuliza.

Jumapili, 27 Agosti

Siku kumi sikuandika. Sikuwa na la kuandika. Treni zimekwenda, nimezipigia kengele.

Leo baada ya mahubiri padre ametangaza ndoa kwa mara ya kwanza: Ambrosi wa Kitete na Marcelina binti Raymundi wa Tura. Akasema mwenye kujua kizuizi aseme. Dada Flavia alinikanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Nikausogeza mguu chini ya benchi. Lakini kusimama vile kanisani, bila maandalizi? Mbele ya Mwalimu Hilari?

Nimekaa kutwa nikitafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata! Nilianza na saa. Maana kavu kabisa, tena Ambrosi ndiye mwenye saa, nikamkumbusha mwenyewe. Ningeanza na nafasi, tungekuwa mbali. Kifungo ningekiacha mwisho au nisingekitaja. Na Lukumani naye alikuwa na kosa: kofia aliivaa upande.

Baada ya misa Mzee Anselm alinifuata mpaka nyumbani, na fimbo yake, polepole. Nikamwamkia. Akasema Dada Flavia amemweleza yote. Akasema padre hutangaza mara tatu kabla ya kufungisha, mambo bado hayajafungwa, na Mzee Raymundi bado hajaingia porini, naye ni mtu wa kusikiliza. Mzee Anselm anaweza kuondoka nami kesho asubuhi. Sitakuwa na haja ya kusema mengi, ataanza yeye, mimi nitaulizwa kama ni kweli na nitaitika ndiyo. Dada Flavia alikuwa amekwisha kunja nguo zangu.

Nilimshukuru mzee kwa moyo wote, nikamwambia asisumbue miguu yake. Mtu wa kwenda yupo. Lukumani ana safari ya Tura Jumatano. Nimempa koti langu la kanisani, nimemfundisha maana zote kwa mpango mpya, na nimemkataza kabisa kucheka.